Kengele Mbili Kooni

Machi 9

Mjomba amekufa akifunga kamba za kiatu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa stoo kazini kwake, akainama, akasema "aah, mgongo," akakaa chini, basi. Miaka arobaini na sita. Ndiye kaka wa mwisho wa Mama aliyekuwa amebaki. Wawili wengine walishatangulia kwa mtindo huohuo, mmoja akisukuma gari lililozimika, mwingine akicheka tu mezani. Mama amekaa kwenye kochi tangu asubuhi na hajalia. Kasema neno moja: "Wameisha."

Naandika kwa sababu nisipoandika nitagombana na mtu. Mimi nikifiwa huwa nagombana.

Machi 12

Tumezika. Mvua ya kwanza imenyesha tukiwa bado makaburini, viatu vyote tope. Kwa kuwa Mjomba amefia kazini, hospitali ilimpasua kwanza. Karatasi inasema mshipa mkuu wa damu ulipasuka. Shangazi mmoja akauliza mshipa mkuu ndio upi. Nikamwambia ni ule unaotoka kwenye moyo, mnene kama mpini wa jembe. Akasema, "Mnene hivyo nao unapasuka?"

Machi 13

Leo Mama kaongea. Alikuwa anawahesabu kaka zake kwa vidole. "Wote walikuwa na kengele mbili," akasema, kwa fahari kabisa.

Hili la kengele niliandike, maana mtu wa nje hawezi kulielewa. Kila mtu ana kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, sisi tunakiita kengele. Cha watu wengi ni kimoja. Cha kwetu, upande wa Mama, mara nyingi kimegawanyika chini kama miguu ya suruali. Mtoto akizaliwa, Mama anachukua kijiko chake kidogo, anamkandamiza ulimi, anachungulia. Zikiwa mbili, anapiga vigelegele: huyu wetu! Mdogo wangu Mnara anazo mbili. Mimi yangu ina pengo dogo tu, kwa hiyo nahesabiwa nusu mtu. Kitinda, wa mwisho wetu, anayo moja, na kwa miaka ishirini na sita ameitwa wa kuokotwa. Mwenyewe amezoea. Akiulizwa kwa nini kawa kinyozi, anasema ndipo alipookotwa, chini ya kiti cha kinyozi, katikati ya nywele.

Machi 16

Nitaandika polepole.

Kazi yangu ni kukata nyama za watu. Huwa nasema hivyo kuwatisha wanaoniuliza maswali mengi. Ukweli ni kwamba niko maabara ya hospitali. Vipande vinaletwa ndani ya chupa, navigandisha kwenye nta, navikata kwa mashine vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, naviosha, navipaka rangi, halafu Bosi anavitazama kwa hadubini. Kila chupa inakuja na fomu. Ya kijani imetoka chumba cha upasuaji, yaani mwenyewe yu hai. Nyeupe imetoka mochwari. Mtu akishakaa humu miaka kumi na miwili, macho yanaangalia rangi kabla ya maandishi.

Leo imekuja nyeupe. Hakuna jina, namba tu, halafu: mshipa mkuu, mwanamume, 46, kifo cha ghafla kazini. Utaratibu unasema kipande cha ndugu yako unampa mwenzako. Sikumpa mtu. Nilifunga mlango, nikamkata Mjomba mwenyewe. Utepe wa nta ukaelea kwenye beseni la maji ya vuguvugu, mweupe, umenyooka. Nikaupaka ile rangi inayozitia weusi nyuzi za mshipa, nikatazama kabla ya Bosi.

Ukuta wa mshipa usio na ugonjwa una nyuzi zilizopangana mstari kwa mstari. Wake ulikuwa na nyuzi zilizokatikakatika, na kati yake matundu, kama sweta la zamani kwenye kiwiko.

Bosi akaingia bila kubisha. Ni mzee mkavu, anakunywa chai bila sukari na anasalimia kwa kukohoa. Akatazama kwenye hadubini, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ni nani wako?"

"Mjomba."

"Na kabla yake?"

Nikamtajia wote. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kiti, akageuza fomu, akaanza kuchora nyuma yake.

"Wewe ukiona shati unaona kitambaa," akasema. "Uzi wa mshono huuoni. Kuna jeni moja inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini ndogo, inaitwa biglikani. Seli inaitengeneza ndani, kisha inaitoa nje, ikakae katikati ya nyuzi, izishike zisiachane kila moyo unaposukuma damu. Na ina kazi nyingine, kuzizuia ishara za ukarabati zisitembee ovyo. Ikikosekana, ukuta unalegea, unatanuka kidogo kidogo miaka na miaka. Mtu hasikii kitu. Halafu siku moja unachanika."

Akachora protini yenyewe: kichwa kilichopinda, na mikia miwili. "Hii mikia ni minyororo ya sukari," akasema.

Mikia miwili! Nikashika koo langu. Mikia miwili, kengele mbili. Nikamweleza habari za kimio. Akaitikia kwamba ndiyo, kwenye magonjwa ya aina hii kimio kilichogawanyika huonekana, lakini hakuniachia nifurahi. "Huonekana kwa baadhi. Usiifanye ndiyo kipimo. Na mikia hiyo haihusiani na kengele zenu."

"Inarithiwa vipi?"

"Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, moja ikiharibika nyingine humsitiri, japo si kila mara. Mwanamume anayo moja tu, na kaipata kwa mama yake. Kila mtoto wa kiume ni nusu kwa nusu. Lakini sijasema ni hiyo. Jeni ziko nyingi. Damu ya mjomba wako ipo, tuipeleke. Una ndugu wa kiume?"

"Wawili."

"Walete wote wawili kwa daktari wa moyo, wapigwe picha."

Alisema wote wawili. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba nilisikia.

Machi 18

Mvua. Nimewaita nyumbani kwa Mama. Nimewaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani, sikutaja kromosomu. Mnara amekaa, goti linacheza. Ana miaka thelathini na minne, mrefu hadi anainama milangoni, na kazi yake ni kupakia mbao kwenye malori. Kitinda akasema, "Mimi hayanihusu, wa kuokotwa bwana! Mkapimane wenye kengele zenu."

Hata hivyo nilimkagua. Nikachukua kijiko cha Mama, nikamwambia afumbue mdomo. Moja, nzima, imening'inia vizuri. Akafanya "aaaa" kwa sauti ya mbuzi, mpaka Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Machi 20

Daktari wa moyo ni mwanamke mfupi, anasema haraka. Kampiga Mnara picha ya moyo. Mshipa uko kwenye kipimo cha juu kidogo, bado si ugonjwa, lakini unaweza kubadilika, tusubiri jeni. Asibebe kitu kizito hata kimoja mpaka majibu. Akanipa fomu ya ukoo nijaze. Kuna mstari: ndugu wa kiume walio hatarini, idadi. Nikaandika 1.

Kitinda alikuwa nje kwenye benchi wakati huo. Alikuja kutushikia mwavuli.

Machi 23

Tatizo: Mnara asipobeba mbao, nafasi yake inachukuliwa na mtu mwingine kesho yake. Nimepata ufumbuzi. Kitinda atamshikia. Kinyozi mwenzake atabaki na kiti. Kitinda kagoma kidogo: "Dada, mikono hii ni ya mkasi." Nikamwambia mikono haichagui kazi, na kaka yako akifa utamnyoa nani? Kakubali. Mimi nikiamua jambo nyumbani kwetu huwa limeamuliwa.

Machi 24

Mvua.

Machi 29

Kitinda karudi leo mabega yamechubuka. Mama kamkanda kwa maji ya moto. Mnara ametazama kwa aibu. Nimemwambia ashukuru.

Aprili 4

Maji yameingia uani. Ua wa Mama uko chini kuliko barabara, kila masika tunapanga viroba vya mchanga mlangoni. Mnara akainama kushika kimoja. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. "Wewe! Unataka kufa mbele ya Mama? Kitinda, beba wewe!" Kitinda akabeba vyote, ishirini na kitu. Alipomaliza akajishika katikati ya mgongo, kati ya mabega, akasema, "Leo mgongo umenishika."

Tukamcheka. Kinyozi na viroba wapi na wapi.

Aprili 11

Mvua. Mashine ya kukatia imeharibika kisu. Chupa nne za fomu nyeupe, mbili za kijani.

Aprili 17

Nimeanza kumchukia Mnara, na naandika ili nione ubaya wake. Amehamia kwa Mama, anakaa kibarazani kutwa anajipima mapigo ya moyo. Anaogopa kupiga chafya. Jana kamwomba Kitinda amsogezee kiti. Kiti! Nikakumbuka kwamba ni mimi niliyemfundisha kuogopa hivyo.

Mama naye kabadilika. Hatazami kooni mwa mtu. Nilimkuta jikoni akaniuliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa?" Nikamjibu kwamba alipewa, akagawa asichokijua. Akasema, "Miaka yote napiga vigelegele." Nilimshika mkono tu, mimi ninayejua kila kitu.

Aprili 26

Majibu ya Mjomba. Ndiyo. Ni hiyohiyo, biglikani. Herufi moja tu imebadilika kwenye maelekezo, protini haitengenezwi sawasawa. Bosi alisoma mara mbili. Sasa maabara inajua itafute wapi, kwa hiyo damu ya Mnara nayo imetumwa leo. Wiki nne au tano.

Bosi akauliza, "Umetuma mbili?"

Nikasema, "Ya mwenye dalili." Simu yake ikalia, akatoka.

Mei 2

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Kuta za maabara zinatoa jasho. Kitinda hakwenda mbao, mgongo. Keshokutwa atakwenda.

Mei 6

Kaenda.

Mei 13

Kitinda amepungua maneno. Zamani ukimwambia habari moja anakurudishia utani mara tatu. Leo nimemkuta amekaa kwenye ngazi za Mama, amevua shati, anapumua. Nikamuuliza nini. "Mgongo tu, Dada. Unakuja na kuondoka. Mara huku, mara unapanda shingoni."

Nikampa dawa ya kuchua. Nikamwambia majibu ya kaka yako yakitoka utapumzika. Akaniuliza, "Akikutwa nao, mnafanyaje?" Nikamweleza: wanakata kipande kilicholegea, wanaweka mrija. Akasema, "Basi mimi nitambebea mbao mpaka azeeke." Hakuwa anatania. Nimeona haya kwa miaka yote tuliyomwita wa kuokotwa, lakini sikumwambia.

Mei 19

Mvua.

Mei 20

Mvua. Ukuta wa nyuma wa jirani umeanguka. Ulikuwa umesimama vizuri tu, rangi yake haina hata ufa.

Mei 29

Asubuhi Bosi kaniita. Majibu ya Mnara: hana. Jeni yake nzima. Kengele mbili na jeni nzima!

Niliruka. Nilimkumbatia Bosi, kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukifanya. Akakohoa, akajitoa, akapangusa miwani. Mchana akarudi, akauliza swali dogo kabisa.

"Na yule mwingine?"

"Yule hana dalili. Ana kengele moja."

"Huyu anazo mbili, na hana ugonjwa."

Nikabaki nimesimama. Sauti ya mvua juu ya bati ikawa kubwa. Nilianza kusikia vitu nilivyoviandika humu mwenyewe: mgongo umenishika, mgongo tu Dada, aah mgongo. Neno la mwisho la Mjomba lilikuwa hilohilo. Liko ukurasa wa kwanza wa daftari hili, kwa mwandiko wangu.

Nilimpigia Kitinda. Haikupokelewa. Nikampigia Mnara. Akapokea anacheka, Mama alishamwambia, maana nilimpigia Mama kwanza kabla sijafikiri. Nikamuuliza Kitinda yuko wapi.

"Yuko hapa, ananirudishia kabati ghorofani. Si narudi kwangu leo! Nimetaka kumsaidia akasema nimalizie likizo yangu."

"Mwambie aliweke chini."

"Yeye na jirani wako katikati ya ngazi, Dada."

"Aliweke chini! Sasa hivi! Asiinue kitu!"

Nikasikia Mnara akiita, nikasikia kishindo cha mbao, halafu sauti ya Kitinda kwa mbali ikisema, "Haya, haya, nimeweka, kuna nini?" Nikalia hapohapo kwenye simu, Bosi akiwa amegeukia dirishani.

Mei 29, jioni

Wamemleta kwa gari la mizigo la jirani, amelazwa kwenye godoro, amekatazwa hata kukaa. Njia nzima analalamika kwamba anaaibishwa. Daktari wa moyo kamweka mashine kifuani, akaisogeza, akairudisha palepale. Kisha wakampitisha kwenye mashine kubwa ya picha.

"Sentimita sita," akasema. "Na utando wa ndani umeshaanza kuchanika. Anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi, hatusubiri jeni." Akageuka kwetu. "Nani alimwacha mtu huyu abebe mbao?"

Mnara akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi. Nilimpangia."

Akafungua faili, akatoa fomu ya ukoo, akaitazama ile 1. Kitanda cha picha, siku ile ya Machi, kilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye lile benchi alilokaa Kitinda na mwavuli.

Mei 30

Wamemfungua tangu jana usiku. Hawakuturuhusu kukaa mlangoni. Mama na Mnara wako chini kwenye viti. Mimi nimekuja maabara, sina kwingine pa kwenda. Nimepanga vioo. Nimevipangua. Nimebadilisha maji ya beseni mara tatu.

Bosi kaja mapema bila kupigiwa simu. Kaniwekea chai yenye sukari. Nimemwambia kwamba alisema wote wawili, na mimi nilisikia. Akajibu, "Na mimi niliuliza kama umetuma mbili, nikaridhika na jibu." Tukakaa.

Saa mbili asubuhi mhudumu kaleta chupa. Nilimsikia kwenye korido, viatu vyake vinalia kwa maji. Nilifumba macho. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane, nimesimama katikati ya maabara nimefumba macho. Nikasikia chupa ikiwekwa mezani, na karatasi.

"Tazama," akasema Bosi.

Sikutazama.

"Tazama, mwanangu."

Kijani.

Kijani maana yake tu kwamba alikuwa hai walipokuwa wanakata. Najua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini niliishika ile karatasi kifuani, na Bosi akachukua chupa mezani. "Cha ndugu yako nitakata mimi," akasema. Miaka kumi na miwili sijawahi kumwona akishika mashine.

Juni 3

Mvua imekatika. Kitinda kaamka jana lakini alikuwa na mrija mdomoni. Leo wameutoa. Tumeingia watatu, Mama mbele. Ana kidonda kilichofungwa kutoka shingoni hadi chini ya kifua, na mdomo umekauka. Bosi kasema nyuzi zake ni zilezile za Mjomba, na damu yake imeshakwenda kupimwa, pamoja na yangu na ya Mama. Nimejaza fomu upya. Nimeandika majina, sikuandika idadi.

Mnara alikuwa analia waziwazi, mtu mrefu vile. Kitinda akamtazama, akanitazama mimi, akamtafuta Mama kwa macho. Sauti yake ilikuwa kama ya karatasi.

"Sasa Mama," akasema, "na mimi ni wa ukoo?"

Utani ulikuwa wake, nasi ndio tuliomfundisha. Hakuna aliyecheka. Mama akainama mpaka paji la uso wake likagusa mkono wa Kitinda wenye sindano, akasema samahani, akarudia, akarudia, mpaka nesi akaja kututoa.